Tundu Aliloliziba Lambert

Ukiwa Johannesburg na una koti la sufu lililoliwa na nondo, au suruali ya harusi iliyodondokewa na moto wa sigara, utaambiwa nenda Marshalltown ukamtafute Lambert. Utapanda mpaka ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, utawapita watu wa viza na mama mmoja anayeuza chaja za simu, na mwisho wa ukumbi utamkuta mwanamume mrefu, mwembamba, miwani imemshuka puani, amejikunja karibu na dirisha. Usimsemeshe akiwa na sindano mkononi. Si kiburi, hasikii tu.

Kazi yake ni kutililia. Si kutia kiraka, na ukimwambia ni kutia kiraka utakuwa umemtukana. Lambert hufungua pindo la ndani la koti lako, mahali pasipoonwa na mtu, akachomoa humo nyuzi chache, kisha kwa nyuzi hizo hizo akakifuma upya kitambaa pale palipotoboka, uzi unaolala juu ya uzi unaosimama, mmoja baada ya mwingine, mpaka tundu linakuwa kama halikuwahi kuwapo. Mawakili wanaokwenda mahakamani kwa miguu, makarani wa benki, wachungaji wa makanisa ya Yeoville, wote hutembea mjini wamevaa kazi yake, na hakuna anayeijua. Na yeye hilo lilimfurahisha kuliko sifa yoyote ambayo ungeweza kumpa.

Alijifunza Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa fundi mmoja Mwislamu aliyeitwa Bakiri, mzee wa watu, mkali wa sindano na mpole wa chai. Fundi Bakiri alimfundisha mambo mawili ambayo hayakuwa ya sindano. La kwanza, tundu la mteja ni siri ya mteja. Halisimuliwi, halioneshwi mtu, na likishazibwa linasahauliwa. La pili, vinyuzi vyote unavyokata kwenye nguo ya mtu, jioni unavichoma moto. Kadutu watu waliamini kwamba kijipande cha nguo yako kikifika mikononi mwa mbaya wako, umekwisha. Bakiri mwenyewe hakuamini hayo. Lakini alichoma, kila jioni, ndani ya kopo la maziwa, mlango ukiwa wazi ili majirani waone, asije akasingiziwa uchawi. Kwake huo ndio ulikuwa uaminifu wa fundi, na Lambert aliubeba jinsi ulivyo, kopo na yote, mpaka Afrika Kusini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwiko cha koti la baba yake. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa, na koti lile la kahawia ndilo lililokuwa la kazini na la kanisani. Lambert alikuwa bado hajui kuchomoa uzi bila kuukata, akatumia uzi mweusi aliouokota sakafuni, na matokeo yake yalikuwa kitu cha kutisha, kimekunjamana, kimepinda upande. Fundi Bakiri alipokiona alitaka kukifumua. Baba akakataa katakata. Akalivaa koti hivyo hivyo, na misa ya Jumapili akawa anakaa mkono huo ukiwa upande wa watu. Kisha vita vikaja, baba akafia njiani. Kuhusu koti lile na mahali lilipoishia, Lambert hakupenda kusema. Hata mkewe Agnès alijua nusu tu, na binti yao Arlène hakujua chochote.

Nitakuambia tu kwamba tangu siku ile aliona haya. Aliona haya kwamba baba yake alikwenda na kazi mbaya namna ile mkononi. Akaapa hakuna kazi yake nyingine itakayoonekana, na kiapo hicho alikitunza kuliko wengine wanavyotunza ndoa. Alipita Uvira, akapita Kigoma, akashuka kusini akiwa na sindano zake ndani ya kopo la tumbaku, akafika Johannesburg, akapanga chumba Bellevue katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, akaoa, akapata mtoto mmoja. Uzi alinunua Fordsburg pale anapokosa pindo la kuchomoa. Mikono yake ikawa mizuri mpaka ikamtia majivuno. Alijivuna kimya kimya, lakini alijivuna.

Basi ndipo alipokuja Madame Denise.

Huyu alikuwa mjane wa Kizungu wa huku huku, mwenye miaka sabini na kitu, anakaa Melville. Mara ya kwanza alileta koti la marehemu mumewe, lililotobolewa na nondo begani, akitaka kumpa mwanawe. Aliporudi kulichukua alilitafuta tundu kwa macho, akalitafuta kwa vidole, akaliinua kwenye mwanga, hakuliona. Alicheka, halafu akaanza kulia papo hapo. Lambert akampa kiti. Kuanzia siku hiyo mama yule alimwamini kuliko daktari wake.

Mara ya pili alikuja na foronya nyeupe, na ndani ya foronya kulikuwa na nguo.

Lambert alikuwa ameshika vitambaa vya kila aina, lakini hiki kilimfanya avue miwani, aifute, aivae tena. Kilikuwa cha upana wa meza ndogo, chekundu kilichokolea, na juu yake walipangwa viumbe wadogo wa sufu mistari kwa mistari, kila mmoja na rangi zake: manjano, kahawia, kijani cha majani mabichi, wote wamezungushiwa mstari wa uzi mweusi. Walikuwa na nyuso za watu na masharubu ya paka, wamefunikwa midomo kwa kitu cha dhahabu, na kila mmoja ameshika ganda la maharage. Rangi zilikuwa kali kama zimetoka kwenye chungu cha rangi juzi. Kona moja, palipotosha kiganja cha mkono, palikuwa na tundu. Halikuwa la nondo wala la moto. Palinyofolewa.

"Mume wangu aliinunua Peru," alisema Madame Denise. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake. "Alikuwa mhandisi wa migodi. Siku za mapumziko tulishuka jangwani, upande wa Nasca. Watu walikuwa wanakuja na vitu kwenye magunia. Alijua vinatoka makaburini, na mimi nilijua. Tulikuwa vijana, tukaona vinapendeza, tukanunua."

"Ni ya zamani, Madame?"

"Miaka elfu moja na mia tano. Labda zaidi."

Lambert aliondoa mikono yake juu ya meza.

"Nataka kuirudisha," aliendelea mama. "Nimeshawaandikia watu wa ubalozi wao, nimewatumia picha. Kuna mtaalamu wao anakuja huku kwenye mkutano wa chuo, atapita kuiona. Lakini siwezi kumpa ikiwa hivi. Kwenye picha nimeikunja ili tundu lisionekane. Mtu haazimi nguo ya mwenzake akairudisha imechanika, Lambert. Nimeshikwa na aibu."

Hapa ndipo ningependa kumlaumu mmoja wao, na siwezi. Maana Lambert alimwelewa moja kwa moja. Kwao Bukavu ukiazima kitenge kwa ajili ya sherehe hukirudisha kimefuliwa, kimepigwa pasi, na kama kimepata doa unahangaika usiku kucha. Yule mama alikuwa na adabu na fundi alikuwa na adabu, na wote wawili adabu zao ziliwapeleka pabaya. Akamwambia, "Acha nguo, Madame. Nitaitengeneza."

Hakuipeleka nyumbani, ila Arlène aliiona. Binti alikuwa amemaliza chuo, anafanya kazi kwenye kampuni ya matangazo mjini, na siku nyingine hupita Marshalltown ili warudi Bellevue pamoja. Arlène husikia Kiswahili chote lakini humjibu baba yake akichanganya na Kiingereza, isipokuwa akitaka kumbembeleza. Siku ile alisimama mbele ya nguo, akaweka mkono mdomoni.

"Eish, Papa. Hii si iko museum?"

"Ni ya Madame mmoja. Anairudisha kwa benyewe."

"Na hili tundu? Umelipiga photo kabla ya kuanza?"

Lambert alicheka. "Photo ya nini? Tundu ni haya ya mutu. Wee unapigaka photo haya ya mutu?"

"Before and after, Papa. Kila mtu anafanya. Nitakuwekea kwenye ukurasa wako."

"Sina ukurasa. Na sitaki watu wajue palikuwa tundu. Ndiyo kazi yenyewe, mama yangu."

"Sharp," alisema Arlène, yaani haya basi, akirudisha simu mkobani. Hakulitaja tena, na mpaka leo Lambert anaisikia ile simu ikidondoka ndani ya mkoba.

Kazi ilianza kama inavyoanza siku zote. Kingo za tundu zilikuwa zimechakaa, nyuzi zinaning'inia huku na huku, nyingine ndefu, nyingine zimevunjika, na fundi wa kutililia hawezi kufuma juu ya ukingo wa namna hiyo. Alizikata kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo, mpaka tundu likawa na kingo nne zilizonyooka. Vinyuzi alivikusanya kwenye kiganja. Kisha akageuza nguo kutafuta pindo.

Hapakuwa na pindo. Hilo lilimshangaza. Nguo zote alizowahi kushika zilikatwa kwenye jora, zikapindwa, zikashonwa. Hii haikukatwa mahali popote. Kingo zake nne zilitoka kwenye mtambo wa kufumia zikiwa zimekamilika, uzi unafika mwisho, unageuka, unarudi ulikotoka. Alikaa na jambo hilo muda mrefu. Kitu kilimwambia asiguse. Lakini alikuwa ameahidi, na tundu lilikuwa wazi mbele yake, na Lambert na tundu lililo wazi hawakai chumba kimoja. Akachagua ukingo wa chini, akatia ncha ya sindano, akaanza kuchomoa.

Jioni alitoka kwenye kibaraza akachoma vile vinyuzi ndani ya kopo, kama kawaida. Vilinuka nywele za mtu. Sufu yoyote hunuka hivyo, akajiambia, akarudi ndani.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha. Alimfuma yule kiumbe aliyekosekana akimtazama jirani yake: masharubu, kinywa cha dhahabu, mkono, ganda la maharage, uso ukitazama mbele kama wenzake wote. Agnès alisema mume wake amerudi ujana, anapiga mluzi akioga. Alipomaliza alifumba macho akapitisha kiganja juu ya ile kona, na kiganja hakikuona kitu. Alikumbuka Fundi Bakiri, akatamani awe hai aone.

Madame Denise alikuja kuichukua. Alimshika Lambert mikono yote miwili akaibusu. Akamwalika siku ya mtaalamu naye awepo, ili mgeni amwone mtu aliyeiponya nguo. Ndivyo alivyosema, kuiponya.

Lambert alikwenda Melville amevaa koti lake zuri. Sebuleni, juu ya rafu, palikuwa na chombo cha udongo chenye shingo mbili nyembamba zilizounganishwa kwa mpini, kimechorwa samaki mkubwa mwenye mikono ya mtu, nacho kilikuwa kinarudi Peru. Nguo ilitandazwa juu ya meza ya chakula, juu ya shuka safi. Mtaalamu alikuwa ameshafika. Alikuwa mama mfupi, mweusi wa jua, nywele amezisuka msuko mmoja, viatu vyake vimechakaa. Aliitwa Daktari Eufemia, mwanaakiolojia, na maisha yake yote alikuwa akichimba katika bonde moja la Nasca. Alizungumza Kiingereza polepole, kwa uangalifu.

Kwanza alionesha chombo. Akasema watu wale hawakuwa na maandishi, walichora, na kiumbe yuleyule utamkuta kwenye chungu, kwenye nguo, na mwingine mkubwa kuliko uwanja wa mpira amechorwa chini kwenye jangwa, ndege au samaki, kwa kuondoa mawe meusi mpaka mchanga mweupe uonekane. Madame Denise alikuwa akiitikia kwa furaha. Kisha Daktari Eufemia akaigeukia nguo, na Lambert akaona uso wake ukilainika kama wa mtu aliyefika nyumbani.

"Nilipoona picha sikulala," alisema. "Nitawaambia kwa nini. Kuna kaburi nililifungua, la mwanamke mtu mzima. Wezi walikuwa wametangulia, miaka mingi nyuma. Walitupa mifupa huku na huku, wakachukua vyungu, wakamvuta nguo aliyofungiwa. Lakini alikuwa ameilalia. Ilichanika. Kipande kimoja kilibaki chini ya nyonga yake, ukubwa wa kiganja. Nguo nyekundu hii hii. Viumbe hawa hawa."

Akatoa mkobani karatasi angavu aliyokuwa amenakili juu yake umbo la kile kipande, mzunguko mzima, kila mchaniko.

"Kipande chenyewe kiko kwetu, hakisafiri. Lakini kama nguo hii ina tundu, na tundu likaingia hapa, basi tunajua ni yake. Huwa hatujui. Ghala zetu zimejaa nguo zilizorudishwa, nzuri sana, na hakuna anayejua zilimfunika nani. Hii ingekuwa ya kwanza kwangu kuirudisha kwa mtu wake." Akatabasamu. "Tundu liko upande gani?"

Madame Denise alimtazama Lambert. Lambert aliitazama karatasi, mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha kumharibia kila kitu, ila hakujua bado.

"Hakuna tundu," alisema mama kwa sauti ndogo. "Tumeliziba. Huyu bwana ni fundi wa ajabu."

Daktari Eufemia hakuelewa kwanza. Aliinama, akatoa lenzi, akapita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ile ya nne alipita pia. Ilibidi Lambert mwenyewe anyooshe kidole kumwonesha, na nakwambia hakuna siku mikono yake ilimchukiza kama siku ile, maana hata mtaalamu na lenzi yake alikuwa ameshindwa kuiona kazi yake.

"Bwana Lambert," alisema akiwa bado ameinama, "naweza kukuomba uifumue?"

"Naweza kuifumua, Daktari. Lakini kingo nilizikata. Nilizinyoosha. Hazina umbo lile tena."

"Vile ulivyokata viko wapi? Hata vikiwa vipande, maabara inaweza—"

"Nilivichoma."

"Ulivichoma!" alisema Madame Denise.

Lambert akajaribu kueleza. Alieleza Kadutu, na kopo la maziwa, na mlango uliokuwa wazi, na jinsi fundi mwaminifu anavyomlinda mteja wake asirogwe. Kwa Kiingereza, sebuleni Melville, maneno yale yalikuwa ya kijinga, na alijisikia akiyasema. Lakini Daktari Eufemia hakucheka. Alisema kwao pia bibi yake alikuwa akizika kucha na nywele. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, pale zilipotoka nyuzi, akasimamisha kidole.

"Na hapa ulichukua uzi."

"Ndiyo. Hapakuwa na pindo."

"Hawakukata nguo," alisema. "Ilianzwa kwenye mtambo na kumalizwa kwenye mtambo, nzima, pande zote nne. Ni kama mtu. Hatumkati." Hakusema kwa hasira. Lambert angependa aseme kwa hasira. "Na huyu uliyemfuma ni mzuri. Ila kwenye kipande changu kiumbe anatazama nyuma. Ni yeye peke yake kati ya wote. Sijui kwa nini, na nilikuwa natamani kujua."

Akakaa kitini. Alionekana amechoka na safari yote kwa mara moja.

"Wezi wale walichukua kila kitu," alisema. "Tundu tu ndilo walilosahau kuliiba."

Madame Denise alikuwa ameanza kulia. Ndipo alipomgeukia Lambert, na hapa mambo yakawa magumu kwelikweli. "Lakini uliliona, Lambert. Ulikaa nalo siku zote zile. Si lilikuwa hivi? Tazama karatasi. Si ndilo hili?"

Daktari Eufemia aliirudisha karatasi yake mkobani haraka. Akampa Lambert karatasi tupu na penseli. "Usitazame yangu. Chora unalolikumbuka. Neno la fundi aliyelishika linaweza kuandikwa. Si ushahidi kamili, lakini ni kitu."

Lambert alishika penseli. Alikuwa anajua kabisa wanachokitaka: mstari mmoja tu uliopinda pale unapopaswa kupinda, na mwanamke wa kaburini apate nguo yake, na Madame Denise alale, na daktari arudi kwao na furaha. Na huenda ingekuwa kweli! Huenda ndilo lilikuwa lenyewe. Akaanza kuchora, na mkono ukaenda vizuri, kirahisi mno, ukapanda, ukakata kushoto, ukashuka kwenye mchaniko mdogo wa chini. Akasimama. Alikuwa anachora ile karatasi aliyoitupia jicho mara moja. Akajaribu kurudi nyuma ya karatasi, kwenye meza yake ya Marshalltown, siku ya kwanza, kabla ya mkasi. Aliona uwekundu. Aliona vinyuzi vinavyoning'inia. Tundu lenyewe hakuliona. Hakuwahi kulitazama. Alilitazama kwa ajili ya kuliondoa tu, kama alivyofundishwa, na lilipoondoka likaondoka pia kichwani.

Angeweza kumalizia mstari, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ingekuwa kazi yake nyingine isiyoonekana.

Akaweka penseli chini. "Sikumbuki, Madame. Nikiendelea nitachora karatasi ya Daktari, sitachora tundu. Mnisamehe."

Madame Denise alitoka akaenda jikoni. Daktari Eufemia aliitikia kwa kichwa, akaikunja ile karatasi aliyoianza Lambert, akamrudishia. Nguo itarudi Peru, alisema. Itakwenda ghalani, pamoja na zile nyingine. Yule mwanamke atabaki na kipande chake.

Lambert alitembea kwa miguu kutoka Melville mpaka alipochoka, ndipo akapanda teksi ya Yeoville. Aliwaza mambo mengi ya kijinga: angeyakusanya majivu, angekubali ile photo, angekuwa mvivu. Fundi mvivu angechelewesha kazi, na daktari angeikuta nguo na tundu lake.

Nyumbani Bellevue, Agnès alimpakulia ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaona mkono hauendi sahanini.

"Papa Arlène, unagonjwa?"

"Sigonjwe."

"Basi nani amekufa?"

Akawaambia. Aliwaambia yote, mezani, Arlène akiwa amekaa mkabala naye na simu yake ameigeuza chini. Alipofika kwenye photo binti aliinamisha macho, hakusema nilikuambia, na Lambert alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Lakini Papa hukujua," alisema Arlène mwishoni. Alisema kwa Kiswahili kitupu. "Mtu angejuaje kwamba tundu linaweza kumtambulisha mtu?"

Agnès, ambaye alijua nusu, alianza kukusanya vyombo ili apate cha kufanya.

"Mimi nilijua," alisema Lambert. "Mimi kati ya watu wote. Babu yako tulimzika namna hiyo."

Na ndipo Arlène alipoisikia, kwa mara ya kwanza, habari ya barabara ya kutoka Bukavu mwaka wa vita, na watu waliokufa humo, na jinsi miezi ilivyopita kabla ya familia kuruhusiwa kwenda kutafuta. Hapakuwa na nyuso tena. Wasamaria wema walikuwa wametandaza nguo za marehemu kwenye nyasi, mstari mrefu, na akina mama wakawa wanapita wakitazama. Makoti ya kahawia yalikuwa mengi. Mama yake Lambert alipita, akapita, kisha akachuchumaa mbele ya moja, akakunjua mkono wake. Kiwiko kilikuwa na ule mshono mbaya, mweusi, uliopinda. "Ni huyu," alisema. "Hii ni mikono ya mtoto wangu." Hivyo baba akapata kaburi lake, na msalaba, na jina juu ya msalaba, wakati wengine wengi walifunikwa pamoja.

"Na mimi nilisimama pale naona haya," alisema Lambert. "Mama analia anashukuru Mungu kwa ule mshono, mimi naona haya kwamba ni mbaya. Nikasema sitashona tena kitu kitakachoonekana. Maisha yangu yote nimefanya hivyo, Arlène. Nimewafutia watu alama zao zote."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Agnès alikuja akasimama nyuma yake, akaweka mikono mabegani mwake.

"Ulikuwaje?" aliuliza Arlène. "Ule mshono."

Lambert alitafuta mfukoni, akakuta ile karatasi aliyorudishiwa, yenye mstari ulioishia njiani. Akaigeuza upande mtupu. Agnès akampa kalamu. Akachora bila kusimama: pale alipoanzia na fundo kubwa, pale uzi ulipokatika akaunga, pale kitambaa kilipovutika kikakunjamana pembe tatu, mishono mirefu ya juu na mifupi ya chini, mmoja uliokwenda kinyume kwa sababu Fundi Bakiri alimwita akageuka, na mkia wa uzi uliobaki unaning'inia ambao hakuukata kwa sababu baba alikuwa ameshaanza kulivaa koti. Hakusahau hata mmoja. Alipomaliza aliusukuma mchoro katikati ya meza.

Arlène aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akageuza simu yake, akasita, akamwangalia baba yake.

"Papa. Nipige photo?"

"Piga," alisema Lambert. "Piga mbili."